Sura ya Sita: Kipimo Kabla ya Bomba

Kwa takriban miaka 40, bia ya Gisenyi, nchini Rwanda, ilichemshwa kwa moto uliotoka ziwani. Mwaka 1963, kwenye rasi ya Rubona, kusini kidogo mwa mji, kampuni ya Kibelgiji ya Union Chimique Belge ilizamisha bomba ndani ya Ziwa Kivu hadi kina cha mita 300 hivi. Ikavuta maji ya huko chini, ikayatenganisha na gesi iliyokuwamo, na gesi ile ikapelekwa kwenye maboila ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo. Wasafiri wengi waliokunywa bia yao ufukweni, wakitazama jua likizama upande wa Congo, hawakujua kwamba moto ulioipika ulitoka chini ya maji yale yale waliyokuwa wakiyatazama.

Ukitaka kuelewa kilichokuwa kikitokea ndani ya bomba lile, chukua chupa ya bia ya Primus uishike mkononi kabla hujaifungua. Bia imetulia, huoni hata kiputo kimoja. Gesi imo, ila imebanwa ndani ya kinywaji na kizibo kinaizuia isitoke. Kizibo kikiruka tu, mgandamizo unashuka, viputo vinafumka, na kama chupa ilikuwa ya moto povu litapanda lenyewe mpaka limwagike mezani. Ziwa Kivu ni chupa ambayo kizibo chake ni maji. Sehemu yake yenye kina kirefu kabisa inafika mita 485, na uzito wa maji hayo yote unakandamiza yaliyo chini. Lita moja ya maji ya kule chini imebeba zaidi ya lita 2 za hewa ukaa na karibu nusu lita ya methani, ile gesi inayowaka. Ukishusha bomba na kuyaanzisha maji kwa pampu, yanapanda, yanakutana na mgandamizo mdogo, viputo vinazaliwa, mchanganyiko unakuwa mwepesi na unaendelea kupanda kwa nguvu zake wenyewe. Pampu inaweza kuzimwa.

Hapo ndipo mtu anapodanganyika. Nishati inayojileta yenyewe juu inaonekana kama zawadi isiyo na gharama, na kitu kisicho na gharama hakuna anayeona haja ya kukitunza. Mimi nimefika mahali pa kuamini kinyume chake. Katika ziwa hili, gesi inapotea au kuokolewa kwa sababu ya kipimo kilichochukuliwa miaka mingi kabla bomba halijatengenezwa. Fedha iliyolipia kipimo hicho ni sehemu ya bei ya umeme, sawa kabisa na fedha iliyolipia injini.

Tuanze na swali ambalo wageni huchelewa kuliuliza. Maji yakishatolewa gesi, yanakwenda wapi?

Kwa kila mita ya ujazo ya methani inabidi kuinua mita kadhaa za ujazo za maji, na mtambo wa kisasa unapitisha maji mengi mchana na usiku. Yote lazima yarudi ziwani, na suala zima liko kwenye kina yanakorudishiwa. Ziwa Kivu halichanganyiki kama maziwa mengine. Limekaa kwa matabaka, kama mafuta ya mawese yanavyotulia juu ya mchuzi. Juu kuna maji mepesi ya mvua na mito. Chini kuna maji ya uvuguvugu yenye chumvi nyingi na hewa ukaa, yanayoingizwa na chemchemi zilizo sakafuni, ndugu za zile za Nyamyumba ambako watu wa Rubavu, wilaya ulimo mji wa Gisenyi, huenda kukaa na kuloweka miguu. Kati ya matabaka hayo ipo mipaka kadhaa, na mkubwa kuliko yote uko karibu na mita 260. Chini ya mpaka huo ndiko kwenye akiba yenye faida.

Ukiyarudisha maji yaliyokwisha kutolewa gesi ndani ya tabaka lile lile ulilochotea, unafanya kama muuza maziwa anayetia maji kwenye debe. Kila siku tabaka linakuwa hafifu kidogo, bomba lako linaanza kunywa maji liliyoyatapika lenyewe, na itafika siku ambapo gesi bado ipo lakini imechujuka kiasi kwamba haifai gharama ya kuichota. Ukiyarudisha juu sana, unapandisha chumvi, hewa ukaa na virutubisho vilivyolala kule chini kwa mamia ya miaka, unavisogeza karibu na tabaka la juu lenye oksijeni. Tabaka hilo ni jembamba, lisilozidi mita 60 hivi, na ndilo linalowalisha sambaza, vile visamaki vilivyoletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, inayotoka Gisenyi machweo kwa nyimbo za wapiga makasia, inawafuata hao. Na ukikosea zaidi, unadhoofisha ule mpaka wa mita 260 unaoishikilia gesi isitoke.

Kila mtu wa ukanda huu anajua hofu iliyo nyuma ya sentensi hiyo. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Cameroon lilitapika hewa ukaa usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa. Nyos ni dimbwi ukililinganisha na Kivu, ambalo lina eneo la karibu kilomita za mraba 2,400 na watu takriban milioni 2 pembeni mwake. Kiswahili cha Goma, mji wa Congo unaopakana na Gisenyi, tayari kilikuwa na neno lake, mazuku, yaani mabonde madogo ambamo hewa ukaa inatoka ardhini na kutuama, ikiua mbuzi na wakati mwingine mtoto aliyeinama kuokota kitu.

Kwa hiyo, mwaka 2009, wataalamu wa fani na nchi mbalimbali walipoandika kanuni za uchimbaji wa gesi ya Kivu kwa ajili ya Rwanda na Congo, waliweka mambo kwa mpangilio ambao nauona wa busara: kwanza usalama wa watu, pili uhai wa ziwa, na baada ya hapo ndipo faida kubwa iwezekanavyo kutoka kwenye gesi. Kanuni hizo zimejaa namba za vina. Kila namba imetokana na kazi ya mtu aliyekaa kwenye mashua akishusha chombo kwa waya.

Kazi hiyo ni ya zamani. Hubert Damas wa Ubelgiji alilichunguza ziwa katikati ya miaka ya 1930 na kuona kwamba maji ya kina yana gesi nyingi. Miaka ya 1950 Wabelgiji wengine, akina Capart na Kufferath, waliandika juu ya ukubwa wa hazina hiyo, na mtambo wa Rubona ukafuata. Katikati ya miaka ya 1970 Mjerumani Klaus Tietze alifanya vipimo ambavyo hadi leo ndivyo mizani ya kulinganishia. Fikiria ugumu wake. Unataka kujua kiasi cha gesi kilichomo kwenye maji ya mita 400, lakini ukiyavuta juu ndani ya chupa ya kawaida gesi inafumka njiani na kupotea, na unabaki na maji yasiyokuambia ukweli. Lazima chombo chako kifungwe kule kule chini na kivumilie mgandamizo mpaka maabara. Kosa dogo kwenye kizibo linakuwa kosa la mabilioni ya mita za ujazo kwenye hesabu ya taifa.

Mwaka 2005 kikundi cha watafiti kutoka taasisi ya maji ya Uswisi, Eawag, pamoja na wenzao, kilichapisha matokeo yaliyotikisa watu. Kwa kulinganisha na vipimo vya miaka ya 1970, methani ilionekana kuongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka 30. Kama kasi hiyo ingeendelea, maji yangeweza kufikia kiwango cha kushindwa kuishikilia gesi kabla ya karne hii kwisha. Habari hiyo ilivuta pande mbili kwa wakati mmoja. Ilitia hofu, kwamba tuchote haraka kabla ziwa halijalipuka. Ilitia pia matumaini, kwamba ziwa linajijaza upesi, basi tukichota litarudisha.

Kisha Machi 2018 timu kadhaa zilikutana kwenye ziwa hili, wakiwemo Waswisi, Wajerumani, Wafaransa na wataalamu wa Rwanda wa Mpango wa Ufuatiliaji wa Ziwa Kivu wenye makao hapa Gisenyi. Walifanya jambo ambalo ni gumu kuliombea fedha popote, kwa kuwa halina sura ya ugunduzi: walipima upya kilichokwisha kupimwa, kila timu kwa njia yake. Wengine walipandisha maji kwenye vyombo vilivyofungwa, wengine walishusha vihisi vya kupima gesi huko huko kwenye kina. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Methani haijaongezeka kwa kiasi kinachoonekana tangu miaka ya 1970. Kinachozalishwa ni karibu sawa na kinachopotea kuelekea juu.

Kwa mtu wa kawaida wa Gisenyi hii ni habari njema, maana hatari haikui kila mwaka kama ilivyodhaniwa. Kwa mpangaji wa umeme ni habari nzito. Anayechota hachoti kutoka kisima kinachojaa usiku mmoja. Anachota akiba ambayo ziwa lilichukua mamia ya miaka kuikusanya.

Nitafanya hesabu hapa, na msomaji aifanye pamoja nami. Kwa miaka mingi imerudiwa kauli kwamba gesi ya Kivu inaweza kutoa megawati 700 kwa miaka 55, nusu kwa nusu baina ya nchi mbili. Mita moja ya ujazo ya methani ikiungua hutoa joto la karibu uniti (kilowati-saa) 10. Injini nzuri ya gesi hugeuza kama asilimia 40 ya joto hilo kuwa umeme, yaani uniti 4. Megawati 700 zikifanya kazi mwaka mzima bila kusimama ni uniti bilioni 6.1. Gawanya kwa 4, unapata mita za ujazo bilioni 1.5 za methani kila mwaka. Zidisha kwa miaka 55, unafika bilioni 84. Ziwa zima lina takriban bilioni 60, na si zote ziko mahali pa kuchoteka. Hata mitambo ikifanya kazi nne kwa tano tu ya muda wake, bado unahitaji bilioni 67. Hesabu hiyo haitimii isipokuwa ziwa lijijaze kwa kasi kubwa wakati linachotwa, na vipimo vya 2018 havikutupa sababu ya kulitegemea hilo. Kauli kama hii ikiingia kwenye mpango wa taifa bila kupimwa, inajenga mitambo ambayo watoto wetu watairithi ikiwa haina cha kuchoma.

Ndani ya hesabu hiyo hiyo kuna nafasi ya kuokoa. Injini ikipanda kutoka asilimia 40 hadi 45, zile bilioni 84 zinashuka hadi 75. Tumeokoa mita za ujazo bilioni 9 bila kuzima taa ya mtu yeyote. Kitenganishi, chombo kinachotenga gesi na maji, nacho kina siri zake. Kikiwekwa kwenye kina kisichofaa, kinaacha methani nyingi ndani ya maji yanayorudi, au kinaitoa pamoja na hewa ukaa nyingi mno. Gesi ghafi inabidi ioshwe kwa maji ya juu ili hewa ukaa ipungue, na maji hayo ya kuoshea nayo yanaiba sehemu ya methani. Kila hatua inavuja kidogo, na mhandisi anayejua inavuja wapi ni yule aliyepewa muda na vifaa vya kupima. Niongeze kwamba Bralirwa, kwa kuchoma gesi moja kwa moja kwenye maboila, ilikuwa inatumia joto karibu lote, ilhali injini ya umeme inatupa zaidi ya nusu. Viwanda vinavyohitaji joto vingestahili kukumbukwa gesi inapogawanywa, na sioni vikikumbukwa.

Kutoka Rubona hadi mitambo ya leo kuna hatua chache. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliwasha mtambo wa majaribio wa KP1 hapa Rubavu, wenye uwezo wa megawati 3.6. Haukuwahi kutoa sana, lakini ulifundisha watu wa hapa kuishi na bomba. KivuWatt ya Karongi ikafuata, injini tatu na megawati 26, na tishari lake limetia nanga kilomita 13 kutoka ufukweni. Linachota karibu na mita 350 na kurudisha maji karibu na mita 240, uamuzi ambao wataalamu wameubishania vikali, na ni vizuri wameubishania. Rubavu yenyewe sasa ina Shema Power katika sekta ya Nyamyumba, iliyopangiwa megawati 56. Bomba la pili na la tatu katika ziwa moja linabadilisha kila kitu, kwa kuwa kila moja linarudisha maji yake ndani ya hesabu ya mwenzake.

Rwanda iliwahi kulipa bei ya kutopima, na haikuwa kwenye gesi. Vituo vya Ntaruka na Mukungwa, kaskazini, vinaendeshwa na maji ya maziwa ya Burera na Ruhondo, na maziwa hayo yanalishwa na bwawa la matete la Rugezi. Rugezi lilichimbwa mifereji, likakaushwa likalimwa. Mvua zikapungua huku mitambo ikiendelea kufungulia maji, kina cha maziwa kikashuka, na mwaka 2004 nchi ikaingia gizani, ikakodi jenereta za dizeli kwa fedha nyingi. Ilibidi Rugezi lifungwe, wakulima waondoke, matete yarudi, ndipo maji yakarudi. Wakulima wale walibeba mzigo mzito kwa kosa ambalo kipimo rahisi cha kina cha ziwa, kikisomwa na kutiiwa mapema, kingelionyesha.

Hapa Gisenyi tunao mto Sebeya, wenye vituo vidogo vya Gihira, Gisenyi na Keya. Ukisimama darajani baada ya mvua utaona maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ni udongo wa milima ya Gishwati, msitu uliokuwa na hekta 28,000 hivi na wakati mmoja ukabaki na 600 tu. Mchanga huo unasaga mapanga ya tabo kama msasa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto huo huo uliingia majumbani, na katika mafuriko na maporomoko ya siku hiyo Rwanda ilipoteza zaidi ya watu 130.

Kenya ilichukua njia nyingine kule Olkaria. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi, megawati 15, uliwashwa mwaka 1981, na tangu mapema Wakenya walipelekwa Iceland kusoma, kwenye mafunzo ya jotoardhi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa yaliyoanza mwaka 1979. Walijifunza kusoma kisima kwa miaka, kuona mvuke unapochoka, na kurudisha maji ardhini ili hifadhi isikauke. Leo Mkenya anachimba visima nchi za jirani kama mtaalamu. Elimu ile ililipiwa muda mrefu kabla umeme haujawa mwingi.

Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo, upande wa Congo, ililipuka. Jioni ile barabara ya kutoka Goma ilijaa watu wenye magodoro kichwani wakivuka kuingia Gisenyi, na siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mpaka kuta za nyumba na barabara zikapasuka hapa mjini. Swali lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa moja: je, ziwa? Uvumi ulikimbia kuliko magari. Waliokuwa na cha kujibu ni wale wenye rekodi za matabaka ya miaka ya nyuma. Walikuwa na mstari wa kulinganisha, wakaona kwamba matabaka ya chini yametulia. Mwaka 2002 ilikuwa hivyo hivyo, lava ilipoingia ziwani na watafiti wakapima siku chache baadaye, wakakuta mipaka ya kina haijavunjika. Vipimo vilivyolipiwa kwa ajili ya umeme viliwawezesha watu kulala.

Ndiyo maana inaniuma kuona ufuatiliaji wa ziwa ukihesabiwa kama msaada wa wafadhili, kitu cha kuombewa fedha kila miaka mitatu. Anayenunua uniti za cash power, umeme wa kulipia kabla, hapa Gisenyi tayari analipia gesi, bomba na injini. Senti chache kati ya hizo zingewekwa kisheria kwa ajili ya mashua, winchi, vihisi na mishahara ya vijana wa hapa wanaoshusha vihisi hivyo, hakuna mwaka ambao mstari ungekatika. Mstari ukikatika hata kwa miaka miwili haushoneki tena, maana maji ya miaka hiyo hayatarudi kupimwa.

Na kazi inaongezeka. Julai 2022 Congo ilitangaza zabuni ya vitalu vitatu vya gesi upande wake wa ziwa. Juu ya maji kuna mpaka, kuna doria, kuna forodha. Kule mita 300 ni tabaka moja tu, linaloanzia chini ya madirisha ya Goma na kupita chini ya mitumbwi ya Rubona. Mashua ya ufuatiliaji inapotoka Gisenyi asubuhi ziwa likiwa bado shwari, chombo kinashushwa taratibu, na kwenye skrini joto na chumvi vinachorwa mita kwa mita mpaka kwenye ile ngazi ya mita 260. Mitambo ikichota chini na kurudisha juu, ngazi hiyo itashuka polepole, na wanachokitafuta wapimaji ni kama inashuka kwa kasi iliyokadiriwa au la. Bomba la kwanza la upande wa pili litakaposhuka litaikuta ngazi hiyo hiyo, na namba za kulilinganishia zitakuwa zile zilizoandikwa na mashua ya Gisenyi.